Kengele ya Mwalimu na Sikio la Fundi

Shemeji yangu aliitwa Barafu kwa sababu mbili, na zote mbili zilikuwa za haki. Ya kwanza ilikuwa kazi yake: kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa mitambo ya baridi katika kiwanda cha maziwa ambacho mimi nami nilikuwa mtunza stoo wake. Ya pili ilikuwa tabia. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye aliyekuomba radhi kwa kuuacha mguu mahali ulipotaka kupita. Amemwoa dada yangu, mshonaji, na wana mabinti pacha wa miaka tisa. Kwa hiyo nyumbani haitwi Barafu, anaitwa Baba Pacha.

Nataka kueleza jinsi mtu huyu alivyolipishwa fedha nyingi ili anyamaze. Sielezi kwa kuwa jambo lenyewe ni la ajabu. Naeleza kwa kuwa limekuwa la kawaida, na ukawaida huo ndio unaonikera.

Katika kiwanda cha maziwa, kompresa ndiyo moyo. Ikisimama asubuhi, kufikia adhuhuri una tangi zima la maziwa yaliyochacha na madereva wa malori wanaokutazama kama umeua mtu. Barafu hakungoja isimame. Kila alipoingia kazini alichukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao, akaigusisha ncha kwenye ubavu wa kompresa, akauweka mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kisha akafumba macho. Akimaliza, alitoa taarifa yake kama daktari: "Beringi ya kulia ina kiu." Au: "Huyu leo kalala vizuri, msimsumbue." Sikumbuki siku aliyokosea. Kwa miaka minne alikuwa akikisimamia chumba cha mitambo bila cheo cha msimamizi wala mshahara wake, kwa sababu msimamizi wa zamani alistaafu na uongozi haukuona haraka ya kumpa mtu cheo cha kazi ambayo tayari alikuwa anaifanya.

Kisha zikaja kompresa tatu mpya kutoka Ujerumani, na pamoja nazo akaja mhandisi wa kuzifunga, mtu mrefu mno, ambaye wafanyakazi walimwita Mlingoti. Wiki mbili baadaye, meneja akabandika tangazo kwenye ubao wa matangazo. Nafasi ya msimamizi wa chumba cha mitambo ilikuwa wazi. Mwombaji alitakiwa awe na cheti cha Kijerumani kutoka chuo kinachotambulika, na usaili ungefanyika kwa Kijerumani, baada ya miezi tisa.

"Haya," alisema mchomeleaji, ambaye hawezi kupita penye ubao bila kuusemea. "Kumbe kompresa nazo zina ubaguzi. Barafu, utaanza kuziamkia kwa Kijerumani. Zisipoitika, ujue umekosea salamu."

"Mimi zinaniitikia tangu zamani," Barafu akajibu.

"Za zamani hizo, kaka. Hizi mpya zina pasipoti."

Watu walicheka. Barafu naye alicheka, lakini nilimwona akilisoma tangazo lile mara ya pili, na ya tatu.

Chuo kinachotambulika kilikuwa kimoja tu mjini. Ada yake, kwa kozi ya miezi minane, ililingana kabisa na akiba ambayo dada yangu alikuwa ameiweka kwa miaka sita ili anunue cherehani ya kudarizi. Cherehani yake ya miguu ilikuwa imezeeka. Ilishona vizuri, lakini wateja wa siku hizi wanataka nakshi shingoni, na kwa kukosa nakshi walikuwa wanampita na kwenda duka la pili. Nilikuwepo jioni waliyozungumza. Dada alikuwa akikata uzi kwa meno, asimtazame mumewe.

"Baba Pacha, hii pesa ina jina lake."

"Najua."

"Unajua, lakini litaje."

"Ni ya cherehani ya kudarizi."

"Haya. Ichukue. Ila ukirudi na cheo, urudi na cherehani. Ukirudi na cheti peke yake, utakivaa wewe, maana mimi sitakuwa na nguo ya kukushonea."

Nilipinga. Nilisema ni dhuluma kumdai fundi ulimi wa mtu mwingine ili apewe kazi anayoifanya kwa mikono yake mwenyewe. Nilisema tuandike barua, tudai nafasi itolewe kwa anayeijua kazi, na mkalimani atafutwe. Barafu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Shemeji, ukifika mlangoni huulizwi kama mlango ni wa haki. Unaulizwa kama una ufunguo."

Jibu lake ninalo sasa, lakini nimechelewa.

Chuo chenyewe kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vigae. Kulikuwa na zulia, picha za majumba yenye theluji, na mkurugenzi mwenye suti ya rangi ya krimu aliyekupa mkono kwa mikono yake yote miwili. Kila mwanafunzi alipewa mkoba, kalamu na kitabu chenye karatasi za kung'aa. Wiki ya kwanza kiyoyozi kiliharibika. Barafu alipanda juu ya meza, akakifungua, akasafisha, akakirudisha kikapoza vizuri kuliko kilivyonunuliwa. Mkurugenzi alimshukuru kwa Kijerumani mbele ya darasa zima. Ada haikupungua hata thumni.

Fahari ya chuo kile ilikuwa kitu walichokiita Mbinu ya Kengele. Mezani kwa mwalimu palikuwa na kengele ndogo ya shaba, ya kugonga kwa kiganja. Mwanafunzi aliposimama kuzungumza, kosa likimtoka, mwalimu aliigonga: ting! Hapo mwanafunzi alitakiwa kunyamaza, kuomba radhi, na kuanza upya kutoka salamu: habari za asubuhi, jina langu ni fulani, ninatoka mahali fulani, mpaka afike tena pale alipojikwaa. Akijikwaa tena, ting! "Kosa lisiporudiwa mwanzo hugeuka tabia," mkurugenzi alipenda kusema, na maneno hayo yalikuwa yamechapishwa hata kwenye mkoba. Hakuna aliyemuuliza kurudia mwanzo kwenyewe kutageuka nini.

Simlaumu sana mwalimu. Alikuwa mwanamke mpole, na naye alikuwa ameajiriwa pamoja na kengele. Lakini mazungumzo haya Barafu alinisimulia yeye mwenyewe, akicheka, na mimi sikuweza kucheka naye:

"Mwalimu, samahani. 'Vali inavuja' tunasemaje?"

"Hiyo iko Kiwango cha Tatu."

"Na Kiwango cha Tatu ni lini?"

"Ukimaliza cha Pili."

"Sawa. Na 'zima mashine'?"

"Fundi, tafadhali, tusiruke kurasa. Tuko hotelini. Mhudumu amekuletea supu na imepoa. Unamwambiaje?"

Miezi minane mtu huyu alirudisha supu iliyopoa. Aliomba kiti cha dirishani ndani ya ndege. Aliuliza kama makumbusho hufunguliwa Jumatatu. Alisoma kwa bidii inayotia huruma. Alibandika karatasi kwenye kabati, kwenye kioo, kwenye mlango wa choo. Pacha wakageuza masomo yale mchezo: mmoja alikaa na kikombe, mwingine na kijiko, na baba yao alipokosea walikigonga kikombe. Ting! Naye akasimama wima, akaomba radhi, akaanza upya, huku chai yake ikipoa kama ile supu.

Ubaya ulianza kuonekana alipoanza kujirudi hata katika lugha yake mwenyewe. Siku moja alikuwa akimweleza mkewe kuhusu bomba lililopasuka kazini. Katikati ya maneno akataja Jumanne badala ya Jumatano. Akanyamaza, akasema, "Samahani," kisha, mbele yetu sote, akaanza: "Leo nilipofika kazini asubuhi, nikavua koti…"

"Wewe!" dada akampigia kelele. "Tuko jikoni hapa, hatuko chuoni! Bomba lilipasuka, halafu?"

"Ee. Halafu…" Akasita. Alikuwa amepotea.

Tulicheka wote. Najuta kicheko kile.

Alifaulu. Alipewa cheti chenye muhuri wa dhahabu, akapigwa picha akiwa amevaa tai niliyomwazima, akatia saini fomu kadhaa ambazo, kama kila mtu mwenye furaha, hakuzisoma. Wiki iliyofuata ukafika usaili. Niliruhusiwa kukaa chumbani kama mwakilishi wa wafanyakazi, kwa sharti kwamba nisifungue mdomo.

Kabla ya kukaa, Mlingoti aliomba kwanza waende chumba cha mitambo. Tukamfuata. Pale mbele ya kompresa ya pili, Mjerumani yule alichomoa mfukoni bisibisi, akaigusisha kwenye ubavu wa mashine, na akauweka mpini nyuma ya sikio. Sikuyaamini macho yangu. Barafu naye akachomoa yake. Watu wawili wasioweza kuzungumzia kazi yao kwa lugha moja wakasimama wamefumba macho, huyu upande huu na yule upande ule, wakisikiliza. Kisha wote wawili, karibu kwa wakati mmoja, wakanyoosha kidole mahali pale pale. Mlingoti akaangua kicheko na kumpiga Barafu begani.

Usaili ungekwisha hapo, kama nia yake ilikuwa kumpata fundi.

"Vizuri sana," alisema meneja, akitazama saa. "Sasa turudi ofisini tukaanze usaili."

Ofisini kulikuwa na meneja, afisa utumishi anayekijua Kijerumani, Mlingoti, mimi na mdomo wangu uliofungwa. Mlingoti aliuliza swali moja. Afisa utumishi alinifasiria baadaye: alikuwa ameuliza, "Umesikia nini ndani ya mashine?"

Barafu alisimama. Alisalimu. Alitaja jina. Akaanza jibu lake, na neno la tatu au la nne likamponyoka vibaya. Mlingoti alitikisa kichwa kumtia moyo, maana alikuwa amekwisha kumwelewa. Lakini mle chumbani palikuwa na kengele ambayo hakuna mwingine aliyeisikia. Barafu akanyamaza. Akaomba radhi. Akasalimu upya. Akataja jina lake upya.

Alianza mara sita. Nilihesabu. Mara ya nne jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye tai yangu. Mara ya tano Mlingoti alivuta karatasi, akachora duara na mshale, akamsogezea penseli. Shemeji yangu aliishika penseli ile kama mtu aliyerushiwa kamba mtoni. Meneja akanyoosha mkono, akaitwaa karatasi, akaikunja mara mbili.

"Kwa maneno tu, tafadhali," alisema. "Taratibu ni taratibu."

Mara ya sita Barafu hakuvuka jina lake.

Nafasi alipewa mtu aliyekuwa mwongoza watalii kwa miaka kumi na miwili. Simchukii, alisoma tangazo, alikuwa na kilichotakiwa, akaomba. Kijerumani chake kilimiminika kama bomba la maziwa. Siku yake ya tatu kazini alimfuata Barafu, shati lake bado lina mistari ya pasi, akamuuliza kwa sauti ya chini:

"Kaka, hii sauti ni ya kawaida?"

Barafu alisikiliza kidogo. "Kwa basi bovu, ndiyo. Kwa kompresa, hapana."

Akaenda, akairekebisha. Msimamizi akaandika ripoti kwa Kijerumani safi.

Hadi hapo ningeweza kusema ulikuwa upumbavu wa ofisi moja. Kilichonivunja ni siku Mlingoti alipokuja stoo. Alifuatana na dada wa kantini, mama mmoja mcheshi ambaye kwa miezi yote ile alikuwa akimpelekea kahawa na kubadilishana naye maneno: wewe nipe neno moja la kwenu, mimi nikupe la kwetu, kikombe kikiisha kazi imekwisha. Hakuwahi kukaa darasani. Kijerumani chake kilikuwa na mashimo kama chujio, lakini kilibeba.

"Anatafuta boksi la njano," aliniambia. "Lilikuja na mashine."

Nilipanda ngazi, nikalishusha kutoka rafu ya juu kabisa. Lilikuwa bado na gundi yake. Mlingoti akalikata kwa kisu. Ndani mlikuwa na kurasa kumi na mbili za plastiki ngumu, zisizoshika mafuta. Kila ukurasa ulikuwa na picha za kompresa, na kila picha ilikuwa na neno lake: vali, shinikizo, inavuja, zima, shusha, hatari. Maneno yote yalikuwa arobaini na mawili.

Mlingoti alisema kitu, na sura yake haikuwa ya kucheka.

"Anasema," dada wa kantini alifasiri, "kwa nini halikufunguliwa? Anasema hizi ni za mafundi. Anasema wiki ya kwanza alimwambia meneja: msimamizi ajue karatasi hizi, zinatosha. Hajawahi kuomba cheti. Cheti cha nini, anauliza."

Boksi lile nililipokea mimi. Niliona limeandikwa kigeni, nikadhani ni vitabu vya mapambo vinavyokuja na kila mashine, nikalipandisha juu. Meneja aligeuza kurasa kumi na mbili kuwa miezi minane kwa sababu cheti hukaa vizuri kwenye faili kuliko picha. Mimi nilizifungia rafuni kwa sababu hakuna aliyenifundisha kuuliza. Lawama hii ina vichwa viwili, na kimoja ni changu.

Barafu alijifunza kurasa zile kwa siku kumi na moja, saa ya chai, na dada wa kantini akimsaidia kutamka. Hapakuwa na kengele. Akikosea, dada yule alimwambia, "Umeharibu, endelea, kahawa inapoa."

Watu huniuliza, basi wewe unasema kozi za ghali ni wizi? Sisemi hivyo. Mwalimu anastahili malipo, na lugha ni mali. Anayetaka kwenda kuishi ugenini na asome hata kwa miaka. Ninachosema ni kwamba fundi wa viatu asiyekuuliza ukubwa wa mguu wako, kisha akakutoza bei ya ngozi ya simba, hajakuuzia kiatu. Kila chuo kilazimishwe na sheria kumuuliza mwanafunzi anaitakia nini lugha, na kuandika kwenye cheti kile ambacho mtu huyu anaweza kukifanya nayo. Na kila mwajiri anayedai lugha aonyeshe, kwa kalamu, ni maneno gani ya kazi anayoyahitaji. Niliyaandika haya kwa meneja, kurasa mbili. Nilijibiwa kwa mstari mmoja: barua yako imepokelewa.

"Shemeji, acha," Barafu aliniambia. "Kiti kina mtu. Humtoi mtu kitini kwa kukohoa."

Alikuwa bado barafu. Hata dada yangu, ambaye alikuwa na haki ya kupiga kelele kuliko sote, alikuwa amenyamaza na cherehani yake ya miguu.

Mwezi mmoja baadaye dada alirudi kutoka sokoni mkono mtupu. Alisimama mlangoni, akasema, "Baba Pacha, nimekutana na wewe barabarani. Una urefu wa mlango."

Tulidhani ni utani. Akaeleza. Ukutani pa jengo la chuo, juu ya duka la vigae, palikuwa pametundikwa turubai kubwa lenye picha ya mumewe, ametabasamu na tai yangu. Chini yake paliandikwa: ALIKUWA FUNDI WA KAWAIDA. LEO NI MSIMAMIZI. WEWE JE?

"Acha yao," alisema Barafu, lakini sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Sijamaliza. Nimekuta chini yake yule mama muuza nguo, jirani yetu wa zamani. Kanishika mkono, kanipongeza, machozi yanamlengalenga. Anasema anauza friji yake na kitanda cha wageni, ampeleke binti yake akasome hapo hapo. 'Kama mumeo kaweza,' kaniambia, 'na wangu ataweza.' Mimi nikaona aibu kumwambia ukweli. Nimekuja nao nyumbani, umenijaa tumboni."

Barafu aliweka kikombe chini. Shingo yake ilianza kuwa nyekundu, kisha masikio.

"Mama," pacha mmoja akanong'ona, "baba anayeyuka."

Asubuhi iliyofuata, ilikuwa Jumamosi, alinipitia na ngazi ya kazini begani na spana mfukoni. "Shemeji, njoo unishikie ngazi," alisema.

Alipanda kwanza ofisini. Mapokezi palikuwa na watu wapatao kumi waliokuja kujiandikisha, kila mmoja na bahasha yake magotini. Mwalimu alikuwa mezani na kengele yake. Mkurugenzi alipomwona Barafu aliufungua uso kama dirisha.

"Balozi wetu!" alisema. "Ndugu zangu, huyu ndiye mwenyewe, yule wa ukutani!"

"Nimekuja kulishusha," alisema Barafu. "Mimi si msimamizi. Sikupata kazi."

Mkurugenzi alimsogelea na kushusha sauti. "Ndugu yangu, ulisaini fomu ya picha. Halafu hujapata *bado*. Ukichukua Kiwango cha Pili, tutakupunguzia." Kisha akapaza sauti tena na kumgeukia kwa Kijerumani, maneno marefu yenye tabasamu, ili wale kumi waone bidhaa ikifanya kazi.

Barafu alisimama wima. Nilimwona akivuta pumzi kama anavyovuta kila mara kabla ya kuanza kwa salamu, na nikatamani sakafu inifiche. Akafungua mdomo. Hakusalimu. Hakutaja jina. Alianza katikati ya jambo lenyewe, kwa Kijerumani, na neno la pili tu, kiganja cha mwalimu, kwa mazoea ya miaka, kikashuka chenyewe.

Ting!

Barafu aliyumba kidogo, kama mtu aliyeguswa bega na mtu asiyemwona. Kisha akaendelea.

Ting!

Akaendelea. Mwalimu aliutazama mkono wake, akauondoa juu ya kengele, akauficha chini ya meza. Barafu alisema mpaka akafika mwisho, akaweka kituo kwa kuinamisha kichwa. Mkurugenzi alikuwa hana tabasamu tena.

"Kasema nini?" aliuliza mmoja wa wale wenye bahasha.

Barafu aliwageukia. "Nimesema, 'Uso wangu uko ukutani. Uso unasema uongo. Hatari. Mimi nashusha uso.' Nimekosea mahali pawili au patatu, lakini yeye kanielewa. Supu nilifundishwa hapa. Kushusha na hatari nilifundishwa bure na mama wa kantini." Akaongeza, bila kelele, "Kama unakwenda hotelini Ujerumani, jiandikishe, mwalimu huyu anajua. Kama unataka kazi, muulize kwanza mwajiri ni maneno gani."

Watu wawili waliinuka na bahasha zao. Wanane walibaki. Nilipokuwa natoka nilimsikia mmoja akiuliza kama ada inaweza kulipwa kwa awamu.

Nilishika ngazi, yeye alifungua bolti nne, na uso wake mkubwa ukatushukia taratibu juu ya vichwa vyetu. Jirani muuza nguo aliambiwa ukweli siku ile ile, na dada yangu mwenyewe. Friji ameibakiza. Kitanda alikuwa amekwisha kukiuza.

Fedha hazikurudi. Msimamizi ni yule yule, na Barafu bado ndiye anayeisikiliza mitambo asubuhi kwa mshahara ule ule. Barua yangu ya pili, kwa ofisi ya elimu, ina miezi mitano sasa. Nayo nadhani imepokelewa. Ukutani pa chuo pametundikwa turubai jingine, la mwanamke mwenye tabasamu nisiyemfahamu, na kila ninapopita pale najiuliza ana cheo gani hasa, na ni nani nyumbani kwake aliyeitoa akiba yake.

Turubai letu lilikuwa la kitambaa kizuri, kizito, kisichopitisha vumbi. Dada alilikata, akalipiga pindo, akaifunika nalo cherehani yake ya miguu, picha ikiwa upande wa ndani.

"Nilimwambia arudi na cherehani," huwaambia wateja wanaouliza. "Karudi na kifuniko. Tumeanza na kifuniko."

Kisha anakifunua, anakikunja uso ukiwa ndani, na kukanyaga pedali.